Zuhura asome nini likizo hii? (gumzo la ukoo)

Mama Zuhura: Assalaam alaykum wapendwa. Shule zimefunga. Zuhura kamaliza darasa la sita na anasema vitabu vya kurasa kumi vyenye picha hataki tena, anataka hadithi ndefu. Idi yuko la pili, kusoma ndiyo kwanza kunamkolea. Nitajieni vitabu vya hadithi, si vya mazoezi. Vya Kiswahili hasa.

Mjomba Rashidi: Waalaykum salaam mwanangu. Zuhura mpe Adili na Nduguze. Anza na hicho, vingine vifuate.

Hamisi Dodoma: Shikamoo mjomba. Shaaban Robert kwa mtoto wa miaka 11? Kiswahili chake kilitutoa jasho sisi tuliokuwa sekondari.

Mjomba Rashidi: Marahaba. Kiliwatoa jasho kwa sababu mlikisoma mkiwa na mtihani kichwani, mnawinda dhamira na tamathali za semi. Mtoto anataka kujua kilichotokea, basi. Ngoja nikukumbushe. Kijana Ikibali anatumwa na Mfalme Rai kwenda Janibu kwa Adili, kuhusu kodi. Analazwa nyumbani kwa Adili. Usiku anamwona mwenyeji wake, mtu anayesifiwa kwa wema nchi nzima, anashika mjeledi na kuwachapa manyani wawili. Akimaliza anawabembeleza na kuwalisha. Mtoto gani atafunga kitabu hapo?

Mama Zuhura: Hata mimi sasa nimesahau kwa nini anawachapa 😳

Mjomba Rashidi: Sikwambii. Utasoma naye.

Shangazi Mwajuma: Kaka yuko sahihi, ila kitabu hiki usimwachie mtoto peke yake siku ya kwanza. Msomee kwa sauti usiku, sura moja moja. Ukikuta neno zito lieleze palepale kwa maneno mawili uendelee, usigeuze kuwa somo. Baada ya sura mbili tatu sikio lake litazoea ule mwendo na ataanza kukunyang'anya kitabu. Wanangu wote walipita njia hiyo. Na chenyewe ni chembamba, wala hakitishi. Kisa ni cha Alfu Lela Ulela, kule ndugu wamegeuzwa mbwa, Shaaban akawafanya manyani na ndugu wenyewe akawaita Hasidi na Mwivu. Mtoto anajua tangu mwanzo nani wa kuogopwa, na bado roho inakuwa juu.

Mjomba Rashidi: Halafu ni mtu wa kwetu huyu. Kazaliwa Vibambani hapa Tanga, 1909. Kitabu kilitoka 1952 na bado kinachapwa.

Salma Nairobi: Shikamooni wote. Huku watoto wangu Kiswahili chao ni cha shule, kwa Shaaban wangekwama. Kijana wangu wa miaka 12 nilimpa Ndoto ya Amerika ya marehemu Ken Walibora. Kiswahili cha siku hizi, na wavulana wanaoitamani Amerika. Hakuinua kichwa hata kula. Nilipokuwa dukani nilitumia ile njia ya vidole vitano: fungua ukurasa wowote wa katikati, mtoto asome, kila neno asilolijua akunje kidole. Vikiisha vitano kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho msome pamoja au kingoje mwaka ujao.

Mama Zuhura: Hiyo ya vidole naichukua. Na Idi?

Shangazi Mwajuma: Idi mpe hadithi za Abunuwasi! Huyo aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kijisufuria ndani, akasema imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Safari ya pili ikawa "sufuria imekufa". Mtoto wa miaka saba anaelewa kabisa kwamba aliyekubali sufuria inazaa hana budi kukubali inakufa. Ataisimulia mtaa mzima.

Hamisi Dodoma: Vitabu si rahisi kwa wengine jamani. Kwa wadogo kuna African Storybook, bure kabisa. Hadithi fupi za Kiafrika, nyingi zina Kiswahili, zimepangwa kwa ngazi, za chini zina maneno machache kwa ukurasa. Unapakua kwenye simu ukiwa na bando, mtoto anasoma baadaye hata bila intaneti. Hapo kwa Idi patafaa sana. Kwa Zuhura ni fupi mno.

Bibi: 🎤 ujumbe wa sauti

Shangazi Mwajuma: Kwa walio kazini, mama anasema hivi: "Msisahau Kima na Papa. Huyo Idi nileteeni nimsimulie mwenyewe. Kima yuko juu ya mkuyu, anamrushia papa matunda, wamekuwa marafiki. Papa anamkaribisha kwao, anampakia mgongoni. Katikati ya bahari ndipo anamwambia, sultani wetu mgonjwa, dawa yake moyo wa kima. Kima akamjibu, ungesema mapema! Sisi mioyo yetu tunaiacha mitini. Nirudishe nikauchukue." Halafu mama kacheka mpaka sauti ikakatika.

Mjomba Rashidi: Hiyo hadithi Askofu Steere aliichapa London mwaka 1870 kama ilivyosimuliwa Unguja, na ndani yake mna nyingine, ya punda wa dobi asiye na moyo wala masikio. Mama aliipata kwa mama yake, si kitabuni.

Mama Zuhura: Shikamooni nyote, mimi Zuhura, mama kanipa simu. Asanteni. Lakini mimi nataka kitabu ambacho msichana ndiye anafanya mambo. Si wa kuokolewa tu.

Salma Nairobi: Marahaba mwanangu, umesema kweli kabisa. Kuna Sulwe ya Lupita Nyong'o, imetoka na kwa Kiswahili, msichana ndiye kiini chake, ila ni ya picha, itakufaa kumsomea Idi.

Shangazi Mwajuma: Zamani kulikuwa na Elisi katika Nchi ya Ajabu, ya 1940, na kwenye michoro Elisi ni mtoto mweusi kama wewe. Ukiikuta maktaba usiiachie. Na Alfu Lela Ulela yenyewe, msimulizi ni mwanamke anayejiokoa kwa hadithi zake kila usiku. Lakini Mama Zuhura, hiyo ichague wewe kisa kwa kisa. Mna mambo ya wakubwa.

Mjomba Rashidi: Zuhura mjukuu wangu, ndani ya Adili mna mji ambao watu wote wamegeuka mawe, na aliyebaki hai ni binti mmoja. Na mwenye uwezo kuwashinda wote humo ni mwanamke. Simtaji jina.

Mama Zuhura: Babu kwa nini husemi?? (Zuhura)

Salma Nairobi: Ongezeni na Mwana Mdogo wa Mfalme. Asili yake Kifaransa, Mkuki na Nyota wamekitoa kwa Kiswahili. Kinaanza na mchoro wa chatu aliyemeza tembo, wakubwa wote wakiuona wanasema kofia. Zuhura wa miaka 11 atakisoma kimoja, akiwa na 15 atakuta kingine humohumo.

Mama Zuhura: Nimerudi mimi. Basi Jumamosi tunakwenda duka la vitabu la TPH pale Samora, hapa Dar, kisha Maktaba Kuu ya Bibi Titi tukawaandikishe wote wawili sehemu ya watoto. Nanunua Adili na Mwana Mdogo. Abunuwasi nikimkuta naye namchukua.

Hamisi Dodoma: Dada, Adili nunua nakala mbili. Natuma hela sasa hivi. Mimi na wanangu tutaanza usiku mmoja na Zuhura.

Mama Zuhura: Sawa. Tuma na ya kifurushi, naipandisha basi la Jumapili asubuhi.