Dada na shemeji wako Marekani, wanataka kuasili mtoto wa huku Kusini. Waanzie wapi?

Korosho_Newala ameuliza:

Wakuu habari za jioni. Nauliza kwa niaba ya dada yangu na shemeji. Dada kwao Newala, shemeji Lindi mjini, ila wanaishi Houston na wote wawili walishachukua uraia wa Marekani. Dada ana miaka 41, shemeji 44. Wamehangaika na uzazi kwa muda mrefu, wamepandikiza mimba zaidi ya mara moja, haikushika. Sasa wanataka kuasili, na wanataka mtoto wa nyumbani.

Huku kila mtu ana lake. Mama anasema wachukue mmoja wa watoto wa binamu yetu wa Tandahimba, ana sita. Wengine wanasema waende makao ya watoto. Kuna jamaa ana "mtu wake", anadai kwa hela kidogo mtoto anapatikana ndani ya mwezi na karatasi zote. Halafu mzee, kwa kuwa sisi ni Waislamu, anauliza habari ya nasaba. Naomba mwongozo kwa wenye kujua, si maneno ya kijiweni.

---

Wakili_Shangani amejibu:

Nianze na huyo "mtu wake". Shemeji amkimbie. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 inakataza kutoa au kupokea malipo ili mtoto aasiliwe, isipokuwa yale ambayo mahakama yenyewe imeyaruhusu. Mtoto wa "ndani ya mwezi" kwa kawaida huja na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wanunuzi, kana kwamba mnunuzi mwenyewe ndiye aliyejifungua. Karatasi hiyo inaweza kupita kaunta mbili tatu hapa, lakini kwenye ubalozi wa Marekani inafia mezani: mwanamke anayeishi Houston amejifungulia Tandahimba, kadi ya kliniki hana, na muhuri wa kuingia nchini haulingani na tarehe ya kuzaliwa. Wataomba DNA. Hapo hamzungumzii tena kuasili, mnazungumzia kughushi, na ikibidi Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008.

Sasa jambo ambalo familia nyingi za diaspora hazilitegemei. Kuzaliwa Newala hakuwasaidii. Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima, kwa hiyo aliyeapa uraia wa Marekani anaingia mahakamani kama mgeni yeyote yule. Masharti ya mgeni kumwasili mtoto wa Kitanzania ni haya: awe amekaa nchini angalau miaka mitatu mfululizo, awe amemlea mtoto huyo kwa malezi ya kambo (kulea kwa muda kabla ya amri ya mahakama) si chini ya miezi mitatu chini ya usimamizi wa afisa ustawi wa jamii, asiwe na rekodi ya uhalifu kwao wala kwingineko, awe na taarifa ya afisa ustawi au mamlaka ya nchi anakoishi kwamba anafaa, na airidhishe mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri na kumpa mtoto haki ya kuishi huko. Juu ya yote, ionekane kwamba mtoto hakupata familia wala malezi mengine yanayofaa hapa nchini. Umri hauwasumbui: sheria inataka mwombaji awe na miaka 25 au zaidi, na amzidi mtoto kwa miaka 21.

Wanaokwama wengi wanakwama kwenye miaka mitatu. Kuja likizo kila Desemba kwa viza ya matembezi si kukaa. Wanahitaji kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji, na watunze ushahidi tangu siku ya kwanza: mkataba wa nyumba, kibali chenyewe, nakala za kurasa za pasipoti zenye mihuri, barua ya mtendaji.

Mwendo wa shauri: wanaandika maombi kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii kupitia ofisi ya Ustawi ya halmashauri wanakoishi. Afisa anakuja nyumbani, anaandika taarifa. Wakikubaliwa wanapewa mtoto kwa malezi ya kambo. Muda ukitimia, wakili anafungua maombi Mahakama Kuu, ambayo kwa Mtwara na Lindi ni kanda ya Mtwara. Mahakama ya mwanzo haitoi amri ya kuasili, na kiapo cha wakili hakiigeuzi familia kuwa wazazi, hata kikigongwa mihuri mitano. Mahakama inateua mlezi wa muda wa kumsimamia mtoto katika shauri, mara nyingi afisa ustawi, na linasikilizwa faragha. Amri ikitoka inapelekwa RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo), mtoto anaingizwa kwenye rejista ya watoto walioasiliwa, na cheti kipya kinatoka hapo.

---

Mkunga_Ndanda amejibu:

Nadokeza upande wa hospitali kwa kifupi, maana wenyewe wameshaamua. Wakiwa bado hawajafunga mlango kabisa, waulize kama dada aliwahi kuonekana ana mrija wa uzazi uliojaa maji. Maji yale yakirudi kwenye kizazi yanapunguza uwezekano wa mimba ya kupandikiza kushika kwa karibu nusu, na dawa yake ni kuuondoa au kuuziba mrija kabla ya kupandikiza. Kuna wanaorudia mizunguko ya gharama kubwa na mrija uko pale pale.

Kwa wasomaji wengine wa huku: kipimo cha kwanza ni mbegu za mwanaume, si kumzungusha mwanamke peke yake. Ni rahisi, hakichomi, na kinataka mume ajizuie siku 2 hadi 7 kabla. Pwani yetu ya Lindi na Mtwara ina matende na mabusha. Mwenye busha apime mbegu na aonwe na daktari wa upasuaji, asione aibu. Picha ya mirija kwa mwanamke hupigwa damu ya mwezi ikishakatika, kabla ya siku ya 10 hivi ya mzunguko. Ukichelewa unaweza kuipiga juu ya mimba changa.

Na jingine: ugumba si sharti la kuasili. Afisa ustawi anataka cheti cha afya kuona kama mna uwezo wa kulea, hatafuti uthibitisho kwamba hamzai. Wala msiingie kwa ile imani ya "ukichukua wa mwenzio, wako anafuata". Mimba ikitokea katikati ya maombi, afisa aambiwe. Asipoambiwa akakuta tumbo, taarifa yote inaanza kutiliwa shaka.

---

Nangurukuru_2 amejibu:

Wakili amemaliza ya Tanzania. Upande wa Marekani ndiko uchaguzi kati ya mtoto wa binamu na mtoto wa makao unakopata uzito wake.

Tanzania haimo katika Mkataba wa Hague wa 1993 wa kuasili, kwa hiyo zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni ya yatima, fomu I-600A kisha I-600. Hapa "yatima" ana maana pana kuliko yetu: wazazi wamekufa, wametoweka au wamemtelekeza, au amebaki mmoja asiyeweza kumtunza, naye ameandika kumwachia moja kwa moja aasiliwe na asafiri. Maombi yafunguliwe mtoto hajafika miaka 16. Tangu 2014 njia hii nayo inadai wakala aliyesajiliwa rasmi Marekani, hata kwa nchi ambazo hazimo Hague, pamoja na taarifa ya ukaguzi wa nyumba iliyoandikwa na mtu anayetambulika huko.

Mtoto wa binamu mwenye baba na mama wazima, wanaoishi pamoja Tandahimba, si yatima kwa tafsiri hiyo hata kama nyumba haina godoro. Umaskini peke yake hautoshi. Mahakama Kuu ikiwapa amri nzuri kabisa, viza ya njia ya kwanza bado itakataliwa. Watu wanagundua hili wakishakata tiketi.

Njia ya pili ni fomu I-130: mtoto ameasiliwa kabla ya miaka 16, na mzazi amekuwa na haki ya kisheria ya kumlea kwa miaka miwili na ameishi naye miaka miwili. Haihitaji yatima wala wakala. Sasa liunganishe na sharti la Tanzania. Wanalazimika kukaa hapa miaka mitatu hata hivyo, basi wakipata mtoto mapema wakiwa wanaishi naye, muda huo huo unawajengea faili la Marekani. Wakingoja miaka mitatu iishe ndipo watafute mtoto, wanajiongezea miaka miwili mingine bure.

Angalizo: haki ya kulea inayohesabika ni ile iliyotolewa na mahakama au mamlaka ya serikali. Barua ya ukoo iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji haihesabiki. Mtoto akikaa kwa dada miezi minane "kienyeji" kabla ya karatasi ya Ustawi, kwa upande wa haki ya kisheria miezi hiyo ni sifuri.

Kwa mtoto aliyeokotwa, faili linasimama juu ya karatasi ya polisi ya siku aliyookotwa na kumbukumbu za Ustawi kwamba ndugu walitafutwa wasionekane. Kama makao hayana karatasi hiyo, ulizeni mapema. Ripoti ya polisi iliyoandikwa baada ya waombaji kujitokeza inanuka mbali.

Mtoto akiingia Marekani kwa viza ya njia yoyote kati ya hizo mbili akiwa chini ya miaka 18, anaishi na mzazi raia, uraia anaupata moja kwa moja kwa sheria ya mwaka 2000. Waombe tu hati ya kuuthibitisha.

---

Ustadhi_Mikindani amejibu:

Mzee ana haki ya kuuliza. Aya ya 5 ya Suratul Ahzab inataka watoto waitwe kwa baba zao. Kulea hakukatazwi, ni thawabu. Kinachokatazwa ni kufuta nasaba. Ndani ya nchi wengi hutosheka na malezi ya kambo au ulezi, lakini hati ya ulezi peke yake haimfikishi mtoto Houston. Kwa hiyo wanaochukua amri ya kuasili wahakikishe wakili ameandika kwenye maombi jina wanalotaka mtoto abaki nalo. Jina la baba mzazi linaweza kuendelea kukaa, na akikua aambiwe ukweli.

Mirathi: kwa sheria ya dini mtoto wa kulea harithi, lakini wasia hadi theluthi unajuzu, na hiba ukiwa hai haina kikomo hicho. Waandike mapema, maana ndugu wa Lindi na sheria ya Texas hawatasoma kitabu kimoja.

Umaharimu (undugu unaozuia ndoa) ndio wengi wanausahau mpaka mtoto anabaleghe. Kwa madhehebu ya Shafi, inayofuatwa pwani yetu, mtoto akinyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili anakuwa mtoto wa kunyonya. Wakichukua wa kiume, ndugu wa dada akimnyonyesha, dada anakuwa mama mdogo au mkubwa wake. Wa kike, dada wa shemeji akimnyonyesha, shemeji anakuwa mjomba wake. Maziwa ya kukamua nayo yanahesabika kwa wanazuoni wengi. Kwa mtoto aliyeshapita miaka miwili mlango huu umefungwa, na mipaka ya sitara nyumbani ipangwe tangu mwanzo.

---

Wakili_Shangani ameongeza:

Kuhusu binamu, nimesahau jambo moja la huku kwetu. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti. Mahakama inataka ridhaa ya wazazi, haimtaji mjomba. Lakini afisa ustawi akifika kijijini kuwahoji watu, mjomba ambaye hakushirikishwa atasema "huyu mtoto anauzwa Ulaya", na sentensi hiyo inaingia kwenye taarifa. Mkaeni kikao naye kwanza. Wazazi nao waelewe kwamba amri ya kuasili inakata haki zao za uzazi. Si kumpeleka mtoto kusoma mjini akarudi wakati wa jando. Wengi wanasaini wakidhani ni hilo la pili.

---

Korosho_Newala ameuliza tena:

Asanteni sana, nimewatumia dada na shemeji wasome wenyewe. Je, dada akitangulia kuja kuishi Mtwara, shemeji akabaki kazini Houston anakuja na kurudi, inakubalika?

---

Nangurukuru_2 amejibu:

Kwa I-130 dada akiwa ndiye mwombaji na ndiye anayeishi na mtoto, sawa.

---

Wakili_Shangani amejibu:

Kwa Mahakama Kuu, si sawa. Wakiomba kama mke na mume, shemeji naye ni mwombaji asiye raia, na ataulizwa miaka yake mitatu. Kabla hajaacha kazi, atafute kwanza ni kibali gani cha ukaazi atakachoweza kukipata: daraja A ni la uwekezaji, B la kuajiriwa. Na kabla ya kuondoka Houston wote wawili waombe taarifa ya rekodi ya uhalifu ya FBI na barua za waajiri. Ya huku wataichukulia polisi kwa alama za vidole wakishakaa. Wakifika wachague nyumba moja katika halmashauri moja na wakae hapo hapo. Ukihama kutoka Newala kwenda Mtwara Mikindani katikati ya tathmini, faili linahamia kwa afisa mwingine, naye ataanza upya kuwatembelea.