MREJESHO: Shukrani kwa wanaoisaidia maktaba yetu ya wilaya

Asanteni kwa majibu, wadau. Niliuliza tuwashukuru vipi wanaojitolea kwenye maktaba yetu ya wilaya, na mfuko hauna kitu. Wengi mlishauri vyeti. Tukachukua wazo la chai na maandazi, Jumamosi, humo humo katikati ya rafu. Fundi seremala aliyetutengenezea bure rafu ya 960 (namba ya historia ya Afrika katika mpangilio wa vitabu wa Dewey), kabla hajashika kikombe aliitikisa kona moja, akaomba msumari. Mama anayeshona na kugundisha vitabu vilivyochanika alisomewa barua na watoto wa darasa la nne. Cheti gani kingefikia hapo?

Vitabu vya msaada bado vinapokelewa, ila jamani, msituletee vya mtaala wa zamani.