Ufadhili wa kampuni ya mgodi wenye sharti la kazi, au wa chama cha wataalamu usio na sharti?

Mbale_Mpya
Wakuu, nina barua mbili za ufadhili na natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Ya kwanza ni ya kampuni ya uchimbaji: ada yote, posho, mafunzo kwa vitendo kila likizo ndefu, nikihitimu niwatumikie. Ya pili ni ya chama cha wataalamu wa migodi: nusu ya ada, basi. Nataka kuingia kazini mapema. Nichukue ipi?

Mchoronga_Mwamba
Kwa maelezo hayo hakuna wa kukusaidia. Kozi gani, mwaka wa ngapi? Utumishi ni wa miaka mingapi na unaanza kuhesabiwa lini? Alama zikishuka inakuwaje? Mgodi ni wa wazi au wa chini ya ardhi?

BiNyundo
Wakati anatafuta majibu, mimi niko upande wa kampuni, na sababu si ada. Ni zile wiki za likizo. Likizo mbili za wiki kumi kumi ni wiki ishirini za mgodini kabla ya cheti. Likizo ya kwanza, kama mgodi ni wa wazi, omba kukaa na kikosi cha ulipuaji: pima kina cha kila tundu lililotobolewa kwenye mwamba kwa tepu yenye uzito kabla halijajazwa baruti, andika limetofautiana kiasi gani na mchoro. Tundu fupi huacha mwamba usiovunjika chini, ekskaveta ikashindwa kusawazisha sakafu. Refu mno huharibu ngazi ya mwamba inayofuata chini yake. Likizo ya pili omba mradi wenye namba zake. Kwenye usaili wa wahitimu wapya unaulizwa ulipima nini na kilibadilisha nini. Asiye na jibu anabaki na cheti kinachofanana na cha wenzake wote.

Tope_la_Mtambo
Sawa Bi, ila wapo wanaopelekwa kupanga mafaili wiki zote kumi. Aombe ratiba ya kuzunguka idara iandikwe: uchorongaji (kutoboa mwamba) na ulipuaji, upimaji, jiolojia, upitishaji hewa, mtambo wa uchenjuaji (kutenganisha madini na mawe). Ahadi ya mdomo husahaulika meneja akihamishwa.

Mbale_Mpya
Samahani, nilikuwa nausoma mkataba. Uhandisi wa migodi, mwaka wa pili kati ya minne. Mgodi wa chini ya ardhi. Utumishi miaka 3. Wastani usishuke chini ya B. Na kifungu hiki: "Mfadhili anaweza kumwajiri mhitimu endapo nafasi itakuwepo. Mhitimu atakuwa tayari kuitwa."

Mchoronga_Mwamba
Hapo kwenye "anaweza" simama. Wewe umefungwa, wao hawajafungwa.

Kuna mhitimu mmoja aliyesaini maneno karibu na hayo. Alimaliza na alama nzuri, lakini miezi michache kabla, mgodi uliokuwa umuajiri ulisimamisha uzalishaji ukabaki na walinzi na pampu za maji tu. Kampuni haikumwajiri wala haikumwachilia. Kila alipoandika alijibiwa asubiri, kwa kuwa mkataba haukuweka siku ya mwisho ya kumpa kazi. Akasubiri mwaka mzima. Wahitimu wa mwaka uliofuata wakaingia sokoni, yeye akahesabiwa wa zamani asiye na uzoefu. Alipopata kazi kwingine, akadaiwa ada yote pamoja na riba, na barua ikaenda hadi kwa mdhamini wake. Mwajiri mpya ndiye aliyelipa deni, naye akamfunga kwa miaka mingine miwili.

Sentensi moja ingemwokoa: "Mhitimu asipopewa kazi ndani ya siku 90 baada ya matokeo, wajibu wake unakoma." Mwombe mfadhili aiongeze. Uliza pia deni linapungua vipi. Likihesabiwa kwa mwezi, ukitumikia miezi 18 kati ya 36 unabakiwa na nusu. Likihesabiwa kwa mwaka kamili, miaka miwili na miezi kumi na moja ni miwili tu. Na je, kampuni ikikupunguza yenyewe, deni linafutwa?

Fundi_Theodolaiti
Kwa nini asihamie upimaji wa migodi? Kila mgodi unahitaji mpimaji, uwe mkubwa au mdogo.

Tope_la_Mtambo
Uchenjuaji ni salama zaidi. Bei ikianguka, utafiti wa madini hukatwa kwanza. Wanajiolojia waliliona hilo mwaka 2013 dhahabu iliposhuka kwa zaidi ya robo. Mtambo huzimwa mwisho.

Fundi_Theodolaiti
Mtambo ukizimwa, bwawa la tope sumu bado linapimwa kama linasogea.

BiNyundo
Ndugu zangu, akibadilisha kozi ufadhili wenyewe unakatika. Turudi kwake.

Jabali_Jeusi
Ule wa chama mmeupita haraka. Kamati zinazochagua wanafunzi hujaa mameneja wa migodi na wahandisi wakuu, kwa hiyo maombi yako yanasomwa na waajiri kadhaa kwa mpigo. Akiuchukua, ahudhurie mikutano, aombe mlezi wa kitaaluma, na aandike mwenyewe barua za kuomba mafunzo miezi minne hadi sita kabla ya likizo. Akingoja chuo kimpangie, nafasi zitakuwa zimejaa. Mbale, kwani mkataba wa kampuni unakataza ufadhili wa pili?

Mbale_Mpya
Unasema "kwa idhini ya maandishi". Nitawaandikia leo, pamoja na ile sentensi ya siku 90. Kuna pia kipimo cha afya kabla ya kuanza. Kinapima nini?

Tope_la_Mtambo
Kwa kawaida masikio, mapafu kwa kupuliza, picha ya kifua, macho, na mkojo kwa dawa za kulevya. Kabla ya kipimo cha masikio kaa saa 14 bila kelele kubwa, la sivyo usikivu utaonekana umeshuka na ndiyo rekodi utakayolinganishwa nayo miaka yote.

Fundi_Theodolaiti
Asisahau rangi. Asiyetofautisha nyekundu na kijani anaweza kuzuiwa kazi za nyaya na fataki (viwashio vya baruti). Apime kabla ya kusaini, maana akikataliwa kazi kwa sababu ya afya, ada inadaiwa au haidaiwi? Mbale, hicho kifungu kipo?