Mjadala: Timu ya chuo ikiboronga misimu saba mfululizo, shabiki abaki au aondoke?

Mleta mada, Lincoln, Nebraska

Wakuu, salaam. Nazungumzia mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na kugongana vifua, na timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska, Cornhuskers. Jimbo hili lina watu milioni 2 hivi na halina timu hata moja kwenye ligi ya kulipwa ya NFL. Kwa hiyo timu ya chuo ni ya kila mtu, awe alisoma pale au hajawahi kukanyaga darasa lake. Ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997. Halafu kuanzia 2017 hadi 2023 ikamaliza misimu saba mfululizo ikiwa imepoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda.

Na miaka yote hiyo tiketi za Memorial Stadium, uwanja wa watu wapatao 85,000, ziliendelea kutangazwa kuwa zimekwisha. Mfululizo huo wa kujaza uwanja ulianza tarehe 3 Novemba 1962 na umeshavuka mechi 400. Wengine wanaona hiyo ni heshima kubwa kuliko kombe. Wengine wanasema ndiyo iliyotuponza, kwamba viongozi hawana sababu ya kurekebisha chochote kama pesa inaingia hata tukifungwa. Nataka tulijadili bila matusi.

Msimamo wangu nauweka mapema: abaki. Na kabla hamjanirukia, angalieni timu hii iliharibikiwa wapi. Mwaka 2003 kocha Frank Solich alikuwa ameshinda mechi 9 na kupoteza 3 alipofukuzwa. Sababu? Eti hiyo haitoshi kwa Nebraska. Mwaka uliofuata, chini ya kocha mpya, tukashinda 5 na kupoteza 6, msimu wa kwanza wa hasara tangu 1961. Akaja Bo Pelini, hakuwahi kushinda chini ya mechi 9 kwa msimu, naye akafukuzwa 2014 akiwa na zile zile 9 kwa 3. Baada yake ndipo tukatumbukia moja kwa moja.

Nionavyo mimi, timu hii haikuzamishwa na mashabiki waliovumilia. Ilizamishwa na watu wenye madaraka walioshindwa kuvumilia mechi tatu za kufungwa. Halafu leo shabiki wa kawaida, anayeamka alfajiri kutoka Scottsbluff na kuendesha gari karibu jimbo zima aje kuwashangilia vijana wa miaka 19, anaambiwa uvumilivu wake ndio ugonjwa! Siwezi kukubali. Nawakumbusha pia kwamba siku ile ya 1962 mfululizo ulipoanza tulifungwa nyumbani na Missouri, 16 kwa 7. Watu wakarudi tena wiki zilizofuata.

Karibuni.

Mchangiaji, Omaha

Mkuu, heshima kwako, lakini hiyo ya 1962 umeileta nusu. Kabla ya Missouri kuja, timu ilikuwa imeshinda mechi zote sita za msimu. Kocha Bob Devaney alikuwa mwaka wake wa kwanza, jimbo zima limepagawa. Watu walijaa kwa sababu ya ushindi, tusidanganyane.

Sasa nije kwenye hoja yenyewe. Msimu wa 2021 tulishinda 3 tukapoteza 9. Tiketi hazikwenda. Wafadhili wakanunua zaidi ya 2,000 zilizobaki za mechi moja ili mfululizo usikatike, zikagawiwa kwa watoto wa familia za kipato cha chini. Nawapongeza kwa watoto. Lakini tangazo likabaki lile lile: zimekwisha. Zimekwisha kwa nani? Shabiki wa kawaida alikuwa ameshasema yake kwa kutonunua, na sauti hiyo ikafunikwa kwa hundi ya tajiri.

Kiti kitupu ni barua ambayo mkurugenzi wa michezo lazima aisome. Ukimwandikia barua pepe atakujibu katibu wake. Ukipiga kelele redioni watasema wewe ni mtu wa hasira. Viti 20,000 vikiwa vitupu mbele ya kamera za taifa, bodi itakaa kikao Jumatatu asubuhi. Sisi tumejinyang'anya wenyewe silaha hiyo, kisha tunajisifu.

Na tiketi si bure. Vyuo vingi vikubwa vinataka mchango kwanza ndipo wakuuzie viti vizuri vya msimu. Baba mwenye watoto watatu akisema mwaka huu basi, asiitwe msaliti.

Mchangiaji, Houston

Ndugu zangu, nyinyi mnalia na mechi 9 kwa msimu. Karibu na hapa nilipo kuna Prairie View A&M, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi. Kati ya 1989 na 1998 walipoteza mechi 80 mfululizo. Themanini! Mwaka 1990 hawakucheza kabisa, chuo kilisimamisha mchezo kwa matatizo ya fedha, na waliporudi vijana walikuwa wakicheza bila ufadhili wa masomo, wakiingizwa uwanjani dhidi ya vyuo vilivyowazidi kila kitu. Kufungwa mechi moja kwa pointi 60 na zaidi halikuwa jambo la ajabu.

Lakini bendi yao ya matarumbeta, Marching Storm, haikuacha kupiga. Watu waliokuja kwa ajili ya chuo chao walikuja. Tarehe 26 Septemba 1998 wakakifunga chuo cha Langston 14 kwa 12, na mwaka 2009 wakawa mabingwa wa kanda yao.

Nawaheshimu sana wale walioketi pale miaka yote ile. Hawakuwa wakisubiri malipo, wala hakuna aliyewahakikishia kwamba siku itafika. Ndiyo maana mjadala wa viti vitupu kama silaha haunigusi sana. Silaha hiyo inafanya kazi pale penye pesa za kutishia. Chuo maskini ukikisusia hukifundishi adabu, unakimalizia.

Mchangiaji, Mwanza

Mimi niko mbali, huu mpira nauangalia mtandaoni tu, naomba nieleweshwe. Mleta mada anatuambia tuwahurumie vijana wa miaka 19. Sawa. Ila nasoma kwamba tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo huko wanaruhusiwa kuingiza pesa kwa majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Na mchezaji akichoka anahamia chuo kingine bila kukaa nje msimu mzima. Sasa kama mchezaji anaondoka akipata pazuri zaidi, kwa nini shabiki peke yake ndiye afungwe pingu za uaminifu?

Mleta mada

Nashukuru, mmenipa kazi.

Mchangiaji wa Omaha, ya 1962 nakubaliana nawe, timu ilikuwa moto. Ila watu hao hao, watoto wao na wajukuu wao walikuwa bado wamejaa mwaka 2021, na huwezi kusema waliitwa na ushindi. Kile kilichoanza kwa furaha kikageuka kuwa kitu kingine, kama ndoa tu.

Kuhusu kiti kitupu kuwa barua: angalia kilichotokea kwa Scott Frost. Huyu ndiye aliyekuwa mchezaji kiongozi wa timu ya ubingwa ya 1997, kijana wa nyumbani. Aliletwa kuwa kocha, kama mkombozi, Desemba 2017, akaondoka na ushindi wa mechi 16 na vipigo 31. Walimfukuza Septemba 2022, siku moja baada ya Georgia Southern kuja Lincoln na kutufunga 45 kwa 42. Wangesubiri hadi tarehe 1 Oktoba, fidia yake ya kuvunjiwa mkataba ingeshuka kutoka dola milioni 15 hadi nusu yake. Hawakusubiri. Uwanja ulikuwa bado unatangazwa kuwa umejaa, na bado waliona. Ujumbe uliwafikia kupitia watu waliokuwa uwanjani, waliozomea. Aliyebaki nyumbani usiku ule hakumzomea mtu.

Na hebu tuwatendee haki wale vijana wa 2021. Vipigo vyote tisa vya msimu ule vilikuwa vya tofauti ya pointi 9 au chini. Ohio State, Michigan, Oklahoma, wote walitoka jasho. Timu iliyocheza hivyo kila wiki na bado ikaamka Jumapili na kipigo kingine inastahili kupata mtu wa kuiangalia machoni. Hapo ndipo hoja ya Mwanza inanikuta. Ndiyo, wanalipwa siku hizi, na wako wanaohama kila mwaka. Sina kinyongo na kijana anayetafuta riziki. Lakini mimi sikujifunga na mchezaji, wala na kocha. Timu hii ndiyo iliyonipa kitu cha kuzungumza na jirani nilipofika jimbo hili nikiwa sijui mtu. Jumamosi ya mechi mkulima mzee wa ngano, nesi wa zamu ya usiku na Mkongo aliyewasili mwaka jana wanakaa benchi moja. Mwishoni wanawapigia makofi hata wageni waliowafunga, desturi ya siku nyingi hapa. Uliza viwanja vingapi Marekani vinafanya hivyo.

Kwa Houston sina la kubisha. Umesema vizuri kuliko mimi.

Mchangiaji, Omaha

Fidia ya milioni 15, mkuu, ndiyo hoja yangu mimi. Pesa hiyo ilitoka wapi? Mwajiri anayejua uwanja utajaa hata iweje ndiye anayeweza kuandika mkataba wa namna hiyo bila kutetemeka. Na tukumbuke ilikuwa hadi Desemba 2024 ndipo tulishinda tena mchezo wa baada ya msimu, 20 kwa 15 dhidi ya Boston College. Miaka yote ile bei yetu haikushuka kulingana na tulichopewa.

Siwaombi watu waihame timu. Mimi mwenyewe sina nyingine. Nataka mambo mawili tu. Wale watoto wapewe tiketi kila msimu, hata mwaka wa ubingwa, isiwe mpaka rekodi ipate homa. Na siku tiketi zikibaki, chuo kitangaze zimebaki ngapi.

Mleta mada

Hilo la watoto nakuunga mkono kwa mikono miwili. Hilo la kutangaza, bado sijashawishika, kwa sababu rekodi ile ni ya wazee wetu wa pale kuliko ilivyo ya ofisi. Wengine mseme: ikikatika leo, nani atakayeumia, wakubwa wa michezo au yule mzee wa Scottsbluff?