Naomba ushauri: mashudu ya mmea wa kienyeji katika chakula cha kuku wa nyama

MfugajiPongwe: Habari zenu wanajukwaa. Ninafuga kuku wa nyama mia tatu hapa Pongwe, Tanga, na sasa wapo wiki ya tatu. Bei ya chakula cha dukani imenielemea kiasi kwamba nikiendelea nacho hadi siku ya kuuza, faida yote itaishia kwa mwenye duka. Nimepata kwa bei ndogo mashudu ya mmea unaoota kwa wingi huku kwetu, yenye protini nyingi kuliko hata soya. Swali langu ni moja: katika kilo mia za chakula, nichanganye kilo ngapi? Nina wasiwasi kidogo, kwani tangu juzi baadhi ya kuku wanasusa kula, ingawa nadhani ni joto.

MamaVifaranga: Mdogo wangu, acha mashudu kwanza. Je, uliwachanja dhidi ya Gumboro, ule ugonjwa wa virusi wa kuku wachanga? Kuku wa umri huo akisusa chakula, mimi huuliza chanjo, kisha huingia bandani na kushika maranda kuona kama yamelowa, maana unyevu huleta kuharisha damu. Jirani yangu wa Ngamiani alibadilisha chakula mara kadhaa, kumbe chombo cha maji kilikuwa kikivuja usiku kucha.

Shamba la Muheza: Mimi nakuunga mkono kijana. Huku kwetu msimu wa mafenesi kokwa hutupwa ovyo, nami huziokota, huzichemsha, huzikausha juani na kuzisaga. Zikiwa mbichi hazifai, kwa sababu zina vitu vinavyomzuia kuku kusaga protini tumboni. Kuku wangu wa kienyeji huzila vizuri, na marehemu baba alikuwa akiwapa hata bata, bata ambao hadi leo sijaona wengine wenye ukubwa ule.

NjiaYaBuhuri: Ndugu mwanzisha uzi, umetaja bei, umetaja protini, lakini mmea wenyewe hukuutaja. Hakuna anayeweza kukupa kipimo cha kitu asichokijua. Lusina, ule mti wa malisho, ina sumu yake inayoitwa mimosini, muhogo mchungu una sianidi, na mlonge nao, pamoja na sifa zake zote, kuku wa nyama hatakiwi kujazwa majani yake. Ni mmea gani?

MfugajiPongwe: Sikuona kwamba jina ni jambo kubwa. Ni mbono kaburi. Kuna mtu hukamua mbegu zake kwa ajili ya mafuta ya sabuni, na mashudu hubaki. Nimeshanunua magunia sita na fedha hairudi, na kuku hamsini niliowatenga wameshaanza kuyala. Siwapi mabichi, nayachemsha saa nzima. Isitoshe, nimesoma kwamba huko Mexico watu hukaanga mbegu hizo na kuzila, na wala hawafi. Tena nimepima, kuku wangu wamefika kilo mbili kila mmoja, kwa hiyo msinitishe bure.

NjiaYaBuhuri: Kipimo ni sifuri, na hao hamsini waondolee leo. Ni kweli kwamba protini ni nyingi mno pindi maganda na mafuta yakiondolewa, na hapo ndipo wengi hunasa. Mbegu hizo zina sumu za aina mbili zinazokuhusu. Ya kwanza ni kasini, ambayo moto huiharibu, na kwa hiyo jasho lako la kuchemsha si la bure kabisa. Ya pili ni esta za foboli, ambazo hazijali moto wa sufuria, na ambazo huwafanya wanyama wasuse chakula, waharishe na wakonde hadi kufa. Mexico ipo mibono isiyo na sumu hiyo, nayo ndiyo huliwa. Mibono inayozunguka nyua za Tanga usiifananishe na hiyo.

Kikokotoo: Samahani, mimi nimekwama kwenye kilo mbili. Kuku wa nyama wa siku ishirini na moja, akila chakula bora kabisa, huwa ndiyo kwanza anaikaribia kilo moja. Huyu wa Pongwe anasusa kula, analishwa mashudu ya sabuni, na bado ana kilo mbili! Nahisi hakuna banda wala kuku hapa. Kesho atatokea mtu wa kusema amepona kwa dawa fulani, na namba ya simu itafuata.

MamaVifaranga: Mwanangu Kikokotoo, nami nilishangaa ila nilistahi.

MfugajiPongwe: Uzito ule ni wa kundi lililopita, nililoliuza mwezi jana likiwa limekula chakula cha dukani. Sina dawa ya kuuza.

Kikokotoo: Kwa hiyo mashudu yako yalinenepesha kuku ambao hawakuyala. Haya.

Ustadh wa Chumbageni: Awe na kuku au awe anatunga, anayenunua nyama sokoni haoni alicholishwa kuku, naye anakwenda kuwapa watoto wake. Ndugu, hao hamsini usiwapeleke sokoni.

NjiaYaBuhuri: Kama ni unafuu unaoutafuta, Tanga haina uhaba. Makopa makavu ya muhogo yanaweza kushika nafasi ya sehemu ya mahindi, lakini protini yake ni ndogo sana, hivyo ongeza soya au dagaa. Mashudu ya nazi yana protini ya takriban asilimia 20, ila yana nyuzi nyingi na upungufu wa lisini, kiungo cha protini ambacho kuku anakihitaji ili akue, kwa hiyo usizidishe kilo kumi kwa mia, na yakinuka ukungu usiyaguse kwa sababu ya sumukuvu. Wataalamu wa TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, wapo Buhuri, si mbali na kwako, waulize kabla ya kununua gunia jingine.

MfugajiPongwe: Nimewaondolea. Sasa magunia sita nifanye nini nayo?

Shamba la Muheza: Mashudu hayo ni mbolea nzuri, nami nina michungwa. Nitayafuata kwa gari langu.

MfugajiPongwe: Karibu mzee wangu. Bei ni ile ile niliyonunulia.

Shamba la Muheza: Uliyanunua kwa bei ya chakula, kijana. Mimi nanunua mbolea.