Tupeane uzoefu: kufufua gari la zamani nyumbani, kuanzia kutu hadi nati ya mwisho

Habari zenu wakuu. Tangu sheria ya 2018 izuie kuingiza nchini magari yaliyopitisha miaka 15, bodi nyingi tunazofufua ni zile zilizolala humu humu Uganda, nyuma ya nyumba Jinja, Entebbe au Mbarara, chini ya mwembe. Zimekula mvua za kutosha. Uzi huu ni wa vipimo, mpangilio wa kazi, na kinachoharibika na sababu yake. Hadithi za gari la marehemu babu tuziweke kando leo. Kila mtu aandike kuhusu gari analolijua.

Bodi_Ndeeba

Volkswagen Beetle: usianze na injini, anza na sakafu. Toa kiti cha nyuma, tazama upande wa kulia. Betri inakaa hapo, na asidi yake hula sakafu kabla ya mahali pengine popote. Kisha chukua bisibisi uchome vile vizingiti vyenye njia ya hewa ya moto chini ya milango. Bisibisi ikizama, kizingiti kimekwisha hata kama rangi ya nje inang'aa.

Kabla ya kukata chochote, chomelea bomba la mraba la mm 25 kwenye tundu la kila mlango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa. Kizingiti ndicho kinachoshika bodi isikunjike. Ukikitoa bila mhimili, bodi inashuka milimita chache tu, na hizo chache zinatosha mlango usifunge tena. Badilisha upande mmoja, funga mlango uujaribu, ndipo uhamie wa pili.

Shiti itumike geji 18 au 20. Mashine ya vijiti inatoboa bati jembamba hivyo. Tafuta MIG (mashine ya kuchomelea kwa waya unaojisogeza) yenye waya wa mm 0.6 au 0.8, piga nukta moja, ruka sentimita 5, piga nyingine, acha chuma kipoe, rudi kujaza nafasi. Anayechora mstari mrefu kwa mkupuo mmoja anapata bati lililojikunja, halafu analificha kwa puti. Puti ikizidi mm 3 itapasuka, barabara zetu zinajulikana.

Jambo la mwisho: namba ya chasisi ya Beetle imegongwa juu ya ule mgongo wa katikati, chini ya kiti cha nyuma. Msasa wa mashine usipite hapo. Namba ikifutika, logibuku yako imebaki karatasi.

Dada wa Series III

Kwa Land Rover watu hudanganywa na bodi. Ni ya aloi ya alumini, haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo gari linaonekana zima. Chasisi ni chuma. Lala chini na nyundo ndogo, gonga kila sentimita 10, hasa mikono inayotoka pembeni kushika bodi na boriti ya nyuma kabisa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Kagua pia ukuta unaotenga injini na abiria, pale miguu inapokaa.

Palipo na alumini iliyogusana na chuma, maji yakiingia, alumini ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe. Wakati wa kufunga weka ukanda mwembamba wa mpira au mastiki katikati, na kila boliti ipakwe grisi. Rangi peke yake haitoshi, maana inakwanguka kwenye boliti ile ile inayoleta maji.

BrekiKwanza

Breki zitangulie injini. Gari lisilowaka halimgongi mtu.

Badilisha mabomba yote ya chuma, na mipira yote hata kama kwa nje haijapasuka. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani, mafuta yanakwenda lakini hayarudi, gurudumu linabaki limeshikwa. Bomba jipya liwe mm 4.75, la shaba yenye nikeli. Shaba tupu inakakamaa kwa mtikisiko mpaka inapata ufa.

Kosa linalorudiwa kila siku ni nati. Za Beetle ni M10, nyuzi za mm 1, na mdomo wa bomba umevimba kwa duara. Za Land Rover ni 3/8 UNF (nyuzi za inchi), mdomo umekunjwa mara mbili kwa digrii 45. Kwa macho zinafanana. Nati ya 3/8 ni mm 9.5, inaingia kwenye tundu la M10, inakaza kiasi, halafu siku unayokanyaga kwa nguvu nyuzi zinachomoka. Nunua Kisekka, soko la vipuri Kampala, ukiwa na ya zamani mkononi, usitaje jina la gari tu.

Silinda za magurudumu: futa ndani, pitisha ukucha. Ukucha ukinasa kwenye kishimo, usiisugue kwa msasa, inunuliwe mpya au ivishwe ala na fundi wa leti (mashine ya kuchonga chuma).

Mafuta ya breki ni DOT 3 au DOT 4, hakuna cha kujaribu. Ya injini yanalainisha na kuvimbisha mipira yote. Rekebisha viatu vya breki kwanza, kisha toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali na masta silinda. Kwa Beetle yenye usukani wa kulia ni nyuma kushoto. Kati ya fimbo ya pedali na pistoni ya masta silinda acha mm 1. Nafasi hiyo ikikosekana, tundu la kurudishia mafuta linabaki limezibwa, breki zinajishika zenyewe zikipata joto, na utalaumu viatu bure.

Mzee_Kabureta

Injini ya Beetle ya cc 1600: mafuta lita 2.5, si zaidi. Nafasi ya vali zote nane mm 0.15, injini ikiwa baridi kabisa. Anza na silinda 1 ikiwa juu kwenye mgandamizo, kisha zungusha puli nusu mzunguko kinyume cha saa kwa kila silinda, utapata 1, 2, 3, 4 kwa mfululizo. Nafasi ya pointi za distribyuta mm 0.4. Mpangilio wa kuwaka 1-4-3-2.

Yale mabati meusi yanayozunguka injini si mapambo. Vijana huyaondoa ili kromu ionekane, halafu wanashangaa injini kuunguza vali. Yanatenga hewa baridi ya juu na hewa ya moto ya chini. Rudisha yote, pamoja na mpira wa ukingoni.

Kabureta ya Solex 34 PICT-3 ilitoka na jeti kuu ya 127.5. Kampala tuko karibu mita 1,200, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, hivyo mchanganyiko unakuwa mzito, yaani petroli inazidi hewa. Plagi zikitoka na masizi meusi makavu, jaribu 125. Wa Kabale, kulikoinuka zaidi, ashuke zaidi.

Na moto! Kale kabomba ka shaba kanakoingiza petroli kwenye kabureta kamesukumizwa tu, hakana nyuzi. Kakichomoka, petroli inamwagikia distribyuta. Kashike ukikavuta. Kakicheza, peleka kwa fundi wa leti akakate nyuzi. Filta ya petroli isining'inie juu ya injini. Beba kizimamoto cha unga, kwa sababu kasha la injini ni aloi ya magnesi, na likishika moto, maji yanauchochea.

Waya_Entebbe

Taa dhaifu mara nyingi si dainamo, ni swichi ya zamani inayobeba umeme wote. Taa mbili za wati 60 zinakula karibu ampea 10. Weka rilei (swichi ya sumaku inayobeba umeme mkubwa), waya wa mm² 2.5 kutoka betri, na fyuzi karibu na betri, si karibu na taa. Ukiweka moduli ya elektroniki badala ya pointi, pima koili iwe ohm 3 hivi, na usiache swichi ikiwa imewashwa huku injini imezimwa. Moduli inaungua kimya kimya.

Bodi_Ndeeba

Rangi kwa ufupi: usipulize Aprili wala Novemba. Unyevu unaipausha. Praima ya kawaida inanyonya maji, bati tupu lipate epoksi. Rangi ya kuchanganya na hadna (kigumishi) ina isosianeti, kemikali yenye sumu, barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Huna kinyago cha hewa ya bomba? Mpelekee mwenye chumba cha rangi.

Kijana_Arua

Shikamoo wazee. Nati ya ekseli ya nyuma ya Beetle inakazwaje bila spana ya kupimia?

Mzee_Kabureta

Marahaba kijana. Ni soketi ya mm 36, na nguvu ni karibu Nm 300. Gari likiwa chini, hendibreki imevutwa, mawe kwenye magurudumu. Chukua bomba lenye urefu wa mita 1.5 na uzito wa kilo 5 hivi, lilale sawa na ardhi, kisha ning'iniza mwishoni jerikani yenye lita 17 za maji. Uzito wa bomba na wa jerikani umeshahesabiwa humo. Nati ikiacha kusogea, imefika. Tundu la kotapini (pini ya kuzuia nati isilegee) lisipolingana, kaza mbele kidogo mpaka lilingane, usilegeze kurudi nyuma.