Ruzuku ya kuhamasisha wapiga kura uchaguzi wa jiji (Marekani): andiko limerudishwa, tumekosea wapi?

Mleta_Andiko: Wakuu, msaada. Asasi yetu ina hadhi ya 501(c)(3), yaani ya hisani isiyolipa kodi ya mapato, haina chama. Tumeomba ruzuku kwa wakfu binafsi (mfuko wa hisani wa familia au kampuni) ili watu wajitokeze zaidi kuchagua meya na madiwani wa jiji moja. Bajeti ina vifungu 3: kuandikisha wapiga kura, kubisha hodi nyumba kwa nyumba, na kadi za posta. Jibu: "kifungu cha uandikishaji hatuwezi kukifadhili". Si sheria inaruhusu?

Kifungu4945: Inawaruhusu ninyi, mkuu. Aliyebanwa ni mfadhili wenu. Wakfu binafsi ukitenga fedha mahususi kwa uandikishaji, unatozwa kodi ya adhabu ya 20% ya kiasi hicho, isipokuwa asasi itimize masharti ya kifungu 4945(f) cha sheria ya kodi ya Marekani, yakiwemo haya: iwe inafanya kazi majimbo 5 au zaidi, isijifunge kwenye msimu mmoja wa uchaguzi, na isitegemee mfadhili mmoja kwa zaidi ya 25%. Asasi ya jiji moja imeshakwama kwenye sharti la kwanza.

Njia ni mbili. Ondoeni uandikishaji kwenye andiko hili, mbaki na kuwakumbusha walioandikishwa tayari. Marufuku hiyo haigusi kazi hiyo. Uandikishaji upelekeni kwa wakfu wa jamii wenye hadhi ya asasi ya hisani ya umma (unaochangiwa na watu wengi), maana huo haubanwi na 4945. Au ombeni ruzuku ya uendeshaji wa jumla, isiyotengewa kazi hiyo, wala kwa makubaliano ya pembeni.

Mleta_Andiko: Tukikiita "elimu ya mpiga kura" je?

Kifungu4945: Thubutu! Fomu za kujiandikisha zikionekana mezani, jina halitawaokoa.

Hodi_Hodi: Mimi ningepunguza kadi za posta. Jaribio la wanasayansi wa siasa Gerber na Green mjini New Haven mwaka 1998 lilionyesha kadi moja inaongeza mahudhurio kwa takribani nusu pointi ya asilimia, wakati mazungumzo ya ana kwa ana mlangoni yaliongeza karibu pointi 8 za asilimia kwa waliofikiwa. Hapo kwenye "waliofikiwa" ndipo maandiko mengi huanguka. Mkiwa na majina 3,000 na mkakuta 900 nyumbani, matarajio ni kura za ziada kama 72 (8% ya 900), si 240 (8% ya majina yote). Andikeni 72, tena kwa tahadhari, maana kila jiji na lake. Kabla ya kuanza, tengeni kwa bahati nasibu majina ambayo hamtayagusa, kisha baada ya uchaguzi linganisheni makundi hayo mawili kwa daftari linaloonyesha nani alipiga kura. Bila kundi hilo mtahesabu hata waliokuwa wanakwenda kupiga kura kwa hiari yao.

Mkaguzi_wa_Ndani: Nyongeza. Mitaa chagueni kwa kigezo cha mahudhurio madogo ya chaguzi zilizopita, mkiandike kabla ya kazi kuanza. Kamwe msitumie mwelekeo wa chama. Mamlaka ya kodi, IRS, kwenye uamuzi wake 2007-41, ina mfano wa simu zinazouliza msimamo wa mtu, kisha wanaokubaliana na mgombea fulani ndio wanaokumbushwa na kupewa usafiri. Huko ni kuingilia kampeni. Kwa hiyo mhudumu akisikia "mimi ni wa fulani", anaendelea na maneno yaleyale. Lifti ni kwa yeyote.

Zawadi kwa aliyepiga kura ziondoeni kabisa. Sheria ya shirikisho inazikataza mgombea wa shirikisho akiwemo kwenye karatasi ya kura, na yako majimbo yanayozikataza hata kwenye uchaguzi wa jiji.

Mleta_Andiko: Shukrani, wakuu. Uandikishaji natoa, kadi napunguza, na matarajio nahesabu kwa waliofikiwa tu.

Hodi_Hodi: Fedha za kadi zihamishie kwenye mzunguko wa pili wa hodi, jioni na wikendi. Wengi uliowakosa mchana utawakuta hapo.